Kibadala kikinyakua jina: Historia ya mapishi yetu imejificha katika msamiati

Katika silabasi ya Kiswahili ya shule zetu za upili, resipe ni mojawapo ya tungo za kiuamilifu ambazo mwanafunzi hufunzwa kuandika. Huelekezwa aanze na kichwa, aorodheshe viambato na vipimo vyake, kisha aeleze hatua za upishi, moja baada ya nyingine. Ni utungo mzuri na una manufaa. Hata hivyo, nimesoma resipe nyingi za wanafunzi na nyingine nyingi za vitabu vya kiada, na kuna sentensi moja ambayo sijaiona popote: "Ukikosa hiki, tia kile."

Katika jiko la resipe za shuleni hakuna anayekosa kitu. Mayai manne yapo, siagi ipo, vanila ipo, na tanuri limeshapata moto. Jiko la Mkenya wa kawaida haliko hivyo. Unga unaisha kabla ya mwisho wa mwezi, mayai yamepanda bei, na duka la mtaani lina kila kitu isipokuwa kile ulichotumwa. Mpishi hodari basi ni yule anayejua kubadilisha. Wahenga walituambia zamani kwamba ukikosa titi la mama, hata la mbwa huamwa.

Mimi ni mtu wa lugha, si wa sufuria. Kinachonivutia katika suala hili ni kwamba kibadala hakiingii jikoni peke yake. Huingia pamoja na swali la jina: tukiite nini? Majibu ambayo Waswahili na majirani zao wametoa kwa swali hilo, karne baada ya karne, ni kumbukumbu ya historia isiyoandikwa katika vitabu vya historia. Hoja yangu leo ni hii: kibadala kikifaulu sana hunyakua jina la kile kilichokipokonya nafasi, na tangu siku hiyo kile cha asili ndicho huanza kuitishwa kitambulisho.

Ugali ulikuwa wa nani?

Tuanze na ugali, kwani tukianzia kwingine nani atatuelewa?

Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Tangier, alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba wenyeji walikula zaidi ndizi na samaki, na kwamba nafaka waliletewa kutoka nje ya kisiwa. Hakuona mahindi, wala asingeweza kuyaona. Mahindi asili yake ni bara la Amerika, na Christopher Columbus hakuvuka Atlantiki hadi mwaka 1492. Nafaka za kale za Afrika Mashariki zilikuwa mtama, wimbi na mawele. Wareno ndio wanaohusishwa na kuletwa kwa mahindi katika pwani yetu, baada ya Vasco da Gama kufika Mombasa na Malindi mwaka 1498.

Jina lenyewe lina kisa. Neno mahindi linaelekeza kidole Uhindi. Waliolibuni walikisia kwamba nafaka hii ngeni ilitoka huko, kwa kuwa vitu vingi vilivyoshushwa bandarini vilitoka huko. Wala hawakuwa peke yao katika kukisia. Waitalia nao huyaita mahindi granturco, yaani nafaka ya Kituruki. Lugha ilikosea bara zima, lakini ikatunza ukweli mmoja muhimu: mahindi yalikuwa mgeni aliyeingia kwa mlango wa bahari.

Mgeni huyo alikaa kwa muda mrefu bila kuwa mwenye nyumba. Katika sehemu nyingi za bara, watu walipanda mahindi machache ya kuchoma au kuchemsha, huku mtama na wimbi vikibaki ndivyo vyakula vya kujazia ghala. Kilichogeuza mambo ni ukoloni na kazi ya ajira. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901. Mashamba ya walowezi yakafuata, na shule za bweni, magereza na kambi za vibarua. Penye watu wengi wa kulishwa kwa pamoja, mwajiri hutafuta nafaka inayozaa kwa wingi, inayosagika kwa urahisi na isiyohitaji watoto wa kuwinga ndege shambani. Ganda la hindi hulinda punje zake dhidi ya ndege. Suke la mtama liko wazi.

Hapa ndipo lilipo neno posho. Katika karne ya 19, posho ilikuwa sehemu ya chakula ambayo mpagazi wa msafara alipimiwa. Haikuwa jina la chakula chochote. Lilikuwa jina la kipimo na haki ya mfanyakazi. Maana hiyo ingalipo tunaposema mbunge amelipwa posho ya kikao. Hata hivyo, vuka mpaka uingie Uganda, uagize posho hotelini, uone utaletewa nini. Utaletewa ugali wa mahindi. Nasi huku Kenya bado tunapeleka mahindi kwenye "posho mill". Mgao wa kibarua umegeuka kuwa jina la mlo. Sijui ushahidi mwingine ulio wazi kuliko huo wa jinsi mahindi yalivyoingia katika sahani zetu: yaliingia kupitia mkono wa mwajiri.

Baada ya Uhuru, mwaka 1964, watafiti wa Kitale walitoa mbegu chotara ya H611, na wakulima wadogo wakaipokea kwa mikono miwili. Mavuno yakaongezeka na ushindi wa mahindi ukakamilika.

Sasa tazama kilichotokea katika lugha. Ugali ni jina la namna ya kupika: maji yachemke, unga utiwe, mwiko usonge. Halisemi ni unga wa nini. Hivyo basi, mahindi yalipochukua nafasi ya wimbi na mtama, jina halikuhitaji kubadilika. Lilirithiwa kama lilivyo. Siku hizi ukisema "ugali", msikilizaji wako Mkenya anaona rangi nyeupe. Ukitaka ule wa kale ni lazima ueleze: ugali wa wimbi, ugali wa mtama, ama kama wanavyosema vijana, "ugali brown". Neno unga nalo limekwenda njia hiyo hiyo. Mwaka 2017, bei ilipopanda na serikali ikalazimika kuweka ruzuku ili pakiti ya kilo mbili iuzwe kwa Sh90, magazeti na redio zilisema "unga" tu. Hakuna aliyeuliza, "Unga upi?" Mahindi yalikuwa yamelimiliki jina kiasi kwamba ngano, wimbi na muhogo, ambavyo pia husagwa vikawa unga, havikuwa hata katika mazungumzo.

Njugu, viazi na kuku

Mtindo huu wa kunyakua jina hauko kwa ugali pekee. Chukua njugu. Njugu mawe ni zao la Afrika, nalo limeliwa barani humu tangu zamani. Kisha ikaja njugu nyingine kutoka Amerika Kusini, nayo pia huzaa chini ya udongo, ina mafuta mengi na ni nyepesi kupika. Watu wakaona zinafanana, wakaipa jina lile lile na kulitofautisha kwa kivumishi: njugu nyasa, ama karanga. Mwanzoni mgeni ndiye aliyehitaji maelezo. Leo mambo yamepinduka. Ukimwambia mchuuzi wa Nairobi akupimie njugu za shilingi 20, atakupa zile za Amerika Kusini bila kusita. Ukitaka zile za Kiafrika, wewe ndiye wa kuongeza neno "mawe", tena huenda akakushangaa.

Viazi ni vivyo hivyo. Kiazi kikuu ni cha kale katika sehemu hizi, na nadhani kivumishi hicho "kikuu" kinashuhudia hadhi kilichokuwa nayo. Viazi vitamu na viazi mviringo vyote vina asili ya Amerika. Lakini leo hii "sahani ya viazi" katika mkahawa wa Nakuru ni viazi mviringo, basi. Kiazi kikuu kimebakiwa na ukuu wa jina tu.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni kuku. Bibi zetu hawakuwahi kufuga "kuku wa kienyeji". Walifuga kuku. Ni mpaka pale kuku wa kisasa, wa kukuzwa kwa wiki chache katika vibanda, walipojaa masokoni ndipo kuku wa bibi alipohitaji jina la ukoo. Vivyo hivyo kwa mboga za kienyeji. Managu, sagaa, kunde na mrenda zilikuwa mboga tu, hadi sukumawiki na kabichi zilipotwaa cheo hicho.

Msomaji anaweza kuuliza, "Kuna ubaya gani? Lugha si hubadilika?" Naam, hubadilika, na sina nia ya kusimama mbele ya mto nikiuzuia kwa mikono. Ninachosema ni kwamba neno lisilohitaji kivumishi ndilo tunaloliona kuwa la kawaida, na linalohitaji kivumishi tunaliona kuwa la pembeni. Tukishasema "mboga" na "mboga za kienyeji", tumeshaamua ipi ni ya wote na ipi ni ya wakale. Mkulima wa sehemu kame ya Kitui au Tharaka, anayejua fika kwamba mtama hustahimili ukame kuliko mahindi, bado hupanda mahindi kwa sababu ndiyo "chakula". Mvua ikikatika, hupoteza vyote viwili: mbegu na jasho. Umoja wa Mataifa uliutenga mwaka wa 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka hizi ndogo, wimbi, mawele na mtama zikiwamo, ili kuziuza upya duniani. Hebu fikiria! Mwenye nyumba anatambulishwa kwa wageni kwenye sebule yake mwenyewe.

Mwaka uliopewa jina la kibadala

Kuna wakati kibadala hakinyakui jina la chakula. Hunyakua jina la mwaka mzima.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, hasa mwaka 1942 na 1943, Kenya ilikumbwa na upungufu mkubwa wa chakula. Serikali ya kikoloni ilianzisha udhibiti wa mahindi na mgao wa chakula, na mwaka 1943 ikaunda tume ya kuchunguza upungufu huo. Ripoti ya tume inasomwa na wanahistoria wachache. Wagikuyu hawakuihitaji ili wakumbuke. Waliiita njaa ile Ng'aragu ya Mianga, yaani njaa ya mihogo, kwa sababu muhogo ndio uliowavusha pale nafaka zao zilipokosekana. Jina hilo lina maneno matatu tu, lakini linakuambia kilichokosekana, kilicholiwa badala yake, na kwamba walioula hawakuuchagua.

Mfano wa pili ni wa ukame wa mwaka 1984. Serikali iliagiza mahindi ya manjano kutoka Marekani. Wakenya waliokuwa hai wakati huo wanaukumbuka ugali ule na maneno yaliyouandama: ati ni chakula cha mifugo, ati hauna ladha ya ugali. Kwa upande wa lishe, rangi ile ya manjano hutokana na viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, na kwa hilo mahindi meupe hayafui dafu. Ila tazama kinaya chake. Mahindi meupe, ambayo yenyewe yalikuwa kibadala cha wimbi, yalikuwa yameshakuwa kipimo cha uasili. Kibadala cha kibadala kilipofika, kilipokewa kama tapeli.

Wakamba nao wanaikumbuka njaa ya miaka hiyo ya 1980 kwa jina Nikw'a Ngwete, maana yake nakufa nikiwa nimeshika, yaani nina pesa mkononi ila hakuna cha kununua. Hilo ni jina la hali ambapo hata kibadala kimekosekana. Nikiliweka kando ya Ng'aragu ya Mianga, ninaona kipimo kizima cha dhiki: kuna aliyekosa chakula akapata badala yake, na kuna aliyekosa vyote. Resipe za vitabu vyetu hazina nafasi ya yeyote kati ya hao wawili.

Hamira si kila kiumuacho

Sasa tuje kwenye kuoka, ambako mkanganyiko wa majina unaharibu unga wa watu kila wiki.

Tuna kitenzi kizuri, kuumua. Unga ulioumuka ni ule uliofura kwa hewa ndani yake. Swali ni nini kilichouumua. Jibu la kale kabisa ni chachu, neno linalotokana na kuchacha. Pwani, tembo la mnazi lilitumika kuumulia mikate na vitumbua, kwa maana mna viumbe hai wadogo mno wanaokula sukari na kutoa hewa. Kisha likaja neno hamira, kutoka Kiarabu, na mwenye sikio husikia mzizi huo huo ndani ya mahamri. Hamira ni viumbe wale wale, ila wamekaushwa na kutiwa katika pakiti. Ni hai. Wanataka uvuguvugu, sukari kidogo na subira. Ukiwatilia maji ya moto, umewaua.

Kitu cha tatu si kiumbe hai. Mwaka 1843, mwanakemia Alfred Bird wa Birmingham nchini Uingereza alitengeneza poda ya kuumulia mkate kwa sababu mkewe alidhurika kwa vyakula vyenye hamira. Mke huyo alidhurika pia kwa mayai, na miaka sita kabla, mwaka 1837, Bird alikuwa amemtengenezea kastadi isiyo na yai hata moja, akitumia wanga wa mahindi kuifanya nzito. Kumbe kastadi ya unga ambayo watoto wetu hupakuliwa Krismasi ilizaliwa kama kibadala jikoni kwa mtu aliyempenda mkewe.

Poda ya Bird, ambayo mitaani tunaiita "bekingi pauda", ni mchanganyiko wa soda na asidi kavu. Ikilowa na kupata joto hutoa hewa papo hapo. Haihitaji saa mbili za kungoja. Ni kibadala cha hamira katika historia na katika kazi, lakini si hamira. Taabu ni kwamba katika Kiswahili chetu wapo wengi wanaoita hamira chochote kinachoumua unga. Mwanafunzi anasoma "tia hamira vijiko viwili", anatia poda ya kuokea, anaufunika unga na kuuacha juani hadi alasiri. Poda ilianza kazi yake mara ilipolowa, na hewa yake nyingi imeshapotea. Jioni anapata mahamri magumu kama kokoto, na analaumu mkono wake. Kosa si la mkono. Kosa ni la neno.

Katika kundi hilo hilo tumeisukuma magadi. Magadi ya asili, yanayochimbwa katika ziwa lililopewa jina hilo katika Kaunti ya Kajiado, hulainisha maharagwe na mboga ngumu. Ni makali kuliko soda ya kuokea, nayo yakitiwa kwa keki huacha uchungu wa sabuni. Eti kwa kuwa zote huitwa "soda", basi moja hushika nafasi ya nyingine! Kabla ya magadi ya dukani kuenea, akina mama wa magharibi mwa Kenya walichoma maganda ya maharagwe au magunzi ya mahindi, wakalitia jivu katika chombo kilichotobolewa chini, wakalipitishia maji polepole. Waluhya huyaita maji hayo munyu musherekha, na hadi leo wapo wasiokubali kupika mrenda bila ya hayo. Katika Kiswahili cha zamani, munyu ni chumvi. Lakini tazama uangalifu wa Waluhya: waliazima jina la chumvi na kuliongeza neno la pili, ili asije mtu akachanganya maji ya jivu na chumvi ya kawaida.

Vita vya siagi

Wapo watu waliowahi kuupigania mpaka wa majina hadi bungeni na mahakamani. Mwaka 1869, Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès alitengeneza majarini, kufuatia tuzo iliyotangazwa na Napoleon III kwa atakayepata kibadala cha siagi kitakachowafaa wanamaji na maskini. Ya kwanza ilikuwa ya mafuta ya ng'ombe. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa walihamaki. Uingereza ikapitisha sheria mwaka 1887 kwamba bidhaa hiyo iitwe majarini na isijifiche nyuma ya jina la siagi. Huko Marekani, jimbo la New Hampshire lilitaka majarini itiwe rangi ya waridi ili mnunuzi asidanganyike, hadi Mahakama ya Juu ilipolitupa sharti hilo mwaka 1898. Juzijuzi tu, mwaka 2017, mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba vinywaji vya mimea kama soya haviwezi kuuzwa kwa jina la maziwa.

Kwetu hakujapiganwa vita kama hivyo. Siagi ilimeza vyote viwili. Kitabu cha kiada kinaposema "siagi gramu 250", hakuna anayejua ni ile ya maziwa au ile ya mafuta ya mimea. Au basi tunaacha lugha kabisa na kuita majarini yote Blue Band, hata iwe ya kampuni nyingine, kama vile mafuta ya kupikia yalivyoitwa Kimbo, na samli, neno tamu la pwani, likasukumwa kwenye biriani na pilau za harusi.

Lakini Kiswahili hakikosi mfano wa uaminifu. Mzungu alipoona maji meupe yaliyokamuliwa kwenye nazi iliyokunwa, aliyaita maziwa. Mswahili hakuyaita maziwa. Aliyapa jina lake lenyewe, tui, akatofautisha hata tui zito na tui jepesi. Kwa hiyo mpishi wa Nyeri akikosa nazi na kutia maziwa ya ng'ombe katika wali, hakuna anayedanganyika. Kila kitu kina jina lake, na kila mtu anajua alichokula.

Tufunze nini?

Ninapendekeza mambo matatu kwa walimu na waandishi wa vitabu.

Kwanza, tutenganishe majina. Hamira ibaki kuwa ile iliyo hai. Poda ya kuokea iitwe poda ya kuokea. Soda ya kuokea isichanganywe na magadi. Siagi iwe ya maziwa, na majarini iitwe majarini. Si suala la uchu wa usanifu. Mwanafunzi wa sayansi kimu anayezichanganya hupoteza viambato ambavyo mzazi wake alivinunua kwa taabu.

Pili, resipe tunazofunza ziongezewe sehemu ya vibadala, nayo itahiniwe. Kwa mfano: poda ya kuokea ikikosekana, kijiko kimoja cha chai hubadilishwa kwa robo kijiko cha soda ya kuokea pamoja na nusu kijiko cha maji ya ndimu. Maziwa lala yakikosekana, tia kijiko kikubwa kimoja cha maji ya ndimu katika kikombe cha maziwa ya kawaida, uache kwa dakika kama kumi. Yai likikosekana, robo kikombe cha ndizi mbivu iliyopondwa hushikanisha unga, ingawa keki itakuwa nzito zaidi na itanukia ndizi. Mwanafunzi akiandika hivyo atajifunza sentensi za masharti, zile za "-ki-", na vilevile sentensi za "ingawa", katika muktadha wenye maana. Atajifunza pia kwamba kibadala kina gharama yake, na kwamba mpishi mwaminifu huitaja.

Tatu, tunapowafunza watoto msamiati wa chakula, tuwaeleze majina yametoka wapi. Mtoto wa Darasa la Sita anaweza kuelewa kwamba mahindi si ya Uhindi, kwamba posho haikuwa chakula, na kwamba kuku wa kienyeji aliwahi kuitwa kuku. Akielewa hayo, hatacheka sahani ya mtama anapoikuta kwa jirani, wala hatafikiri ni mlo wa waliokosa.

Wanaopika wataendelea kubadilisha, kwani shida haina likizo. Baba zetu walikula mihogo na wakaitaja kwa jina lake, mwaka hadi mwaka, bila kuiita wimbi. Kubadilisha kiambato ni werevu. Kubadilisha kiambato na kukificha chini ya jina la kingine ndiko kunakomfanya mjukuu asijue babu yake alikula nini.